Vumbi la Njano Kwenye Mashuka

Tangu mkewe afariki, nyapara wa shamba la chai alishindwa kusema "nimekula." Alisema "tumekula." Ukikutana naye asubuhi kwenye njia ya kiwandani ukamuuliza ameamkaje, angekujibu, "Tumeamka salama, ila goti linatusumbua." Wachumaji waliinamisha vichwa wakachekea ndani ya vikapu vyao. Goti moja, watu wawili, na mmoja wao yuko chini ya udongo!

Hawakumcheka kwa chuki. Walimwita Kipenga, kwa ajili ya kipenga cha chuma alichokivaa shingoni, na walikuwa wamezoea kuishi kwa mlio wake: wa kuanza kazi, wa kupima majani, wa kurudi nyumbani. Ila mtu anayesema na watu kwa kipenga mchana kutwa, jioni hana maneno mengi ya kurudi nayo. Maneno ya nyumba ile yalikuwa ya mkewe. Yeye ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote wawili, na labda ndiyo sababu alipoondoka kile kineno kidogo, "tu," kilibaki kama kandambili zilizosahauliwa mlangoni.

Mkewe walimwita Mama Miche. Alifanya kazi kitaluni maisha yake yote, akijaza udongo kwenye viriba vya plastiki na kuchomeka vipandikizi vya chai, na hakuna kipandikizi chake kilichokufa kwa uzembe. Lakini jina lile lilikuwa na makali pande zote mbili. Hawakujaliwa mtoto. Kumwita mwanamke wa namna hiyo mama wa miche ni kumpa mkono wa heshima huku unamfinya kwa ule mwingine. Naye alijua. Akiitwa aliitika, "Abee! Lete na wako nikulelee!" Watu wakacheka, mambo yakaishia hapo.

Nyumba yao ilikuwa ya shamba, kama zote kwenye ule mstari: vyumba viwili, bati, jiko la nje, ua uliozungushiwa mabanzi. Kilichoitofautisha ni mti. Ulisimama kati ya jiko na kamba ya kuanikia nguo, mti wa msituni uliokua hadi kupita bati, wenye gome la kijivu na majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Aina hiyo waliiita mchelewa, kwa sababu hauna haraka. Mtu aweza kuupanda siku ya harusi yake asione ua lake hadi awe ameanza kung'oa mvi. Na huu wa uani, ulipochanua hatimaye, ulitoa vijiua vidogo, ukamwaga vumbi la njano, basi. Tunda hakuna, hata la kusingizia. Mwaka baada ya mwaka vumbi la njano liliangukia mashuka yaliyoanikwa, na Mama Miche akahamisha kamba huku akiusema ule mti kama anavyosemwa mume mlevi.

"Dume hilo," alikuwa akisema jirani yao, mrina asali, kutoka upande wa pili wa mabanzi. "Dume kama mpapai dume. Na mpapai dume hukatwa, shemeji. Unanyonya udongo bure."

"Na wewe unazaa nini?" Mama Miche alimjibu. "Mbona hatukukati?"

Sasa kamba ilikuwa imelegea. Mtu mmoja hana mashuka mengi ya kufua. Mrina, tangu msiba, hakuwa ametamka tena neno kukata, lakini hata kuingia uani hakuingia. Hakuna aliyeingia. Waombolezaji walipoondoka na viti vyao, Kipenga alifunga mlango wa mabanzi kwa waya, na tangu hapo yeye mwenyewe aliingia uani kwa kupitia ndani ya nyumba.

Kutoka pale uani mtu aliuona mlima wote. Ulikuwa umechanwa mistari ya chai kama kichwa cha mtoto anayepelekwa shule, na katikati ya mistari vilibaki vipande vya msitu, hapa kimoja, kule kimoja. Kipenga alikuwa kijana wakati msitu ule ulipokuwa nguo nzima. Aliwahi kutembea ndani yake kutoka bondeni hadi kwenye baridi bila kupigwa na jua. Kisha chai ikapanda mlima, na kilichoachwa kiliachwa kwa sababu ya mawe au mteremko. Kila kipande kikapata jina lake. Kipande cha Kisima. Kipande cha Ng'ambo, ambacho baadaye nacho kilifyekwa. Na Kipande cha Juu, ambako ulisimama mti ulioitwa Mgumba.

Mgumba nao ulikuwa mchelewa, mkubwa kiasi kwamba watu wawili wakishikana mikono hawakuukumbatia wote. Wachumaji wa siku nyingi waliukumbuka ukizaa: matunda meusi yenye utomvu mtamu, ndege wakigombana juu kama wauzaji sokoni. Kisha ukaacha. Ulichanua kila mwaka, maua yakasinyaa, yakaanguka. Ndipo watu wakaupa jina hilo. Siku Mama Miche alipolisikia mara ya kwanza, hakuwa na jibu la utani. Tangu hapo, kila alipopita na viriba vyake aliupiga ule mti kiganja taratibu, kama mtu anavyompiga mwenzake begani, akaendelea na safari yake.

Asubuhi moja meneja alimwita Kipenga ofisini. Ilikuwa chumba cha juu kiwandani, chenye feni isiyozunguka na meza ndefu ya vikombe vyeupe vya kuonjea chai. Meneja alikuwa mtu mzima mwenye haraka ya kijana. Aliongea huku akitafuta kitu kingine mezani.

"Kipenga, kuni za kiwanda zinatumaliza. Nataka Kipande cha Juu kiondoke, tupande mikaratusi."

"Sawa, bosi. Tutakiondoa."

"Ila nina mgeni ananikwamisha." Akanyoosha kidole bila kutazama.

Karibu na mlango alikaa msichana aliyevaa buti za tope, amepakata mbao mbili zilizofungwa kwa mikanda, zile za kukaushia majani. Alisimama haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Ametoka bustani ya mimea ya mjini," meneja akasema. "Amemaliza chuo juzi tu, bado ana joto la joho. Anasema kwenye mkataba wetu wa ardhi, mti wa mbegu wa asili haukatwi, wala kipande unaposimama. Nakubali, nimesoma. Mti wa mbegu! Sasa ule una mbegu gani? Watu wangu wenyewe wanauita Mgumba. Nani mwongo hapo, jina au mti?"

"Jina," akasema binti.

Meneja akaacha kutafuta alichokuwa anakitafuta.

"Si mgumba," binti akaendelea. "Ni jike. Michelewa ni kama mipapai, bosi, kuna dume na kuna jike. Jike likiwa peke yake halizai, hata lichanue vipi. Zamani msitu ulipoungana, vijidudu vilibeba chavua kutoka dume hadi jike, kivulini, mti kwa mti. Sasa katikati kuna chai. Kuna jua, upepo, dawa. Havivuki. Kwa hiyo kila kipande kinajitegemea kwa kile kilicho nacho, na nimezunguka vipande vyote vya mlima huu. Majike matupu. Madume nimeyaona visiki."

"Nani aliyakata?"

"Watu wa hapa. Waliona hayazai, wakaona ni hasara. Yenye matunda wakayahurumia, wakayaacha." Akatazama buti zake. "Walikuwa na nia njema."

Meneja alicheka hadi vikombe vikagongana. "Kwa hiyo unautafutia mume!"

"Ndiyo."

"Ukimpata?"

"Utazaa. Umechanua wiki hii. Nipe nafasi maua yaishe, kisha vitumba vya matunda vionekane."

Meneja alikuwa mtu wa biashara, na biashara huheshimu kitu kinachoonekana kwa macho. "Nionyeshe tunda, nakuachia kipande. Bila tunda, misumeno inapanda. Kipenga ni shahidi."

"Tumesikia," Kipenga akasema.

Binti aligeuka kuangalia nyuma yake, kuona ni nani mwingine aliyeingia.

Kipenga aliagizwa ampeleke juu. Walipanda, binti akihema, Kipenga akilisikiliza goti. Walipofika ukingoni mwa kipande, binti alisimama akashika shina la mti wa kwanza.

"Umeona, mzee? Huku pembeni hakuna kuvu wala kangaga. Gome limekauka. Mti ule umeangushwa na upepo, na ule pale unangoja zamu yake. Kitambaa ukikikata vipande, kila kipande kinaanza kufumuka pembeni. Kikiwa kidogo sana, kinakuwa pindo tupu. Kinaisha chenyewe, hata usipokigusa tena."

Kipenga alikuwa amepita hapo maisha yake yote. Alijua pamekuwa pakavu, kama mtu anavyojua kuwa nywele zake zimepungua, bila kuketi kulifikiria.

Chini ya Mgumba binti alifungua mbao zake. Ndani ya karatasi kuukuu kulikuwa na tawi lililokaushwa. "Hili ndilo dume. Lilichumwa na mtu wa zamani wa bustani yetu, Kipande cha Ng'ambo, kabla hakijafyekwa. Nimelibeba kama picha ya mtu aliyepotea. Nawaonyesha watu: mmemwona huyu?"

Akalitikisa kidogo. Karatasi ilikuwa na doa la vumbi la njano, limeshika kama rangi.

Kipenga alilitazama doa lile. Njano ile aliijua.

"Tunarudi kazini," akasema.

"Mzee." Binti alikuwa akifunga mikanda. "Samahani, unasema 'tu.' Wewe na nani?"

"Mazoea," akajibu, akashuka.

Uani kwake, mti ulikuwa umechanua. Vumbi la njano lilikaa juu ya mfuniko wa ndoo, juu ya kizingiti, juu ya kamba tupu. Kipenga aliketi kwenye kigoda cha jikoni akautazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeishi naye miaka mingi bila kumuuliza kabila.

Alikumbuka siku Kipande cha Ng'ambo kilipofyekwa. Kikosi kilikuwa chake. Misumeno ilikuwa imeshawashwa, na kipenga kiko mdomoni, alipomwona mkewe akitoka vichakani na kiriba, ndani yake kijimche chenye majani mawili, amekibeba kifuani.

"Msitu mzima unakwenda," alimwambia, "wewe unaokoa mti mmoja?"

"Ndio ninaoweza kuubeba," alisema Mama Miche, akampita.

Angesema nini kwa binti? Kwamba dume lake lipo, liko uani, kati ya jiko na kamba? Wangekuja. Wangefungua waya. Wangeuzunguka na kamera, wangekata matawi, wangepigilia kibao chenye namba kwenye gome. Kitu pekee duniani ambacho bado kilikuwa cha watu wawili kingekuwa cha kila mtu, na cha kila mtu si cha yeyote. Bora misumeno ipande. Misumeno alikuwa ameizoea.

Akajiambia hivyo, na chakula kikapoa.

Lakini neno lile la ofisini halikumwacha. Si mgumba. Alilisikia kwenye mlio wa mashine za kukausha, alilisikia akinawa uso. Miaka yote ile watu walimtazama mkewe tumboni kwanza, usoni baadaye. Na hata siku moja, hakuna aliyeuliza dume liko wapi.

Binti, wachumaji walikuwa wameshampa jina, Bi Majani. Alipanga chumba nyuma ya duka, akala peke yake akiwa ameegemeza simu kwenye chupa ya maji ili amwone mama yake anayemgombeza. Alizunguka mitaa ya wafanyakazi na tawi lake kavu. "Bi Majani anatafuta mume!" walipokezana kwenye mistari ya chai. "Mwambie mimi nipo!" "Wewe? Anataka wa kutoa vumbi, wewe unatoa jasho tu!" Alicheka nao. Ila jioni Kipenga alimwona akirudi, na alijua ule mwendo. Ni mwendo wa mtu ambaye akifika nyumbani hakuna wa kumwuliza siku ilikuwaje.

Jioni iliyofuata alipanda tena Kipande cha Juu. Binti alikuwa amekaa juu ya kisiki, chini ya Mgumba. Maua yalikuwa yakianguka, moja moja, bila sauti. Alikuwa akiyaokota na kuyaweka kwenye paja lake.

Kipenga alisimama hatua chache nyuma yake. Akafanya alichojua kufanya. Akapuliza kipenga.

Binti aliruka nusura aanguke. "Mzee! Utaniua!"

"Njoo nyumbani," akasema. "Kuna mtu tunataka umwone."

Waya ulikuwa umeshika kutu, ilibidi auvunje. Binti aliingia uani, akainua macho, akaweka kiganja mdomoni. Hakupiga kelele, hakutoa simu kupiga picha. Alisimama tu, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya ibada ya wengine na hajui avue nini.

"Nani aliupanda?"

"Mke wangu. Ulitoka Ng'ambo."

"Yuko wapi, nimshukuru?"

"Hayupo."

Binti akaelewa lile "tu." Kipenga aliona usoni mwake jinsi lilivyomwingia. "Pole sana, mzee."

"Tumeshapoa," akasema, na ulikuwa uongo.

"Sitakata tawi," binti akasema kwa upole, kana kwamba ameyasikia yote aliyokuwa akiyafikiri kwenye kigoda. "Nahitaji kitambaa safi tu, kikubwa. Turubai linatoa jasho, chavua itaharibika."

Kipenga aliingia ndani. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati ambalo hakuwa amelifungua tangu msiba. Lilitoa harufu ya sabuni ya mche na ya mtu. Akatoa shuka jeupe, lile kubwa la wageni.

"Lina madoa," akasema, akilikunjua nje.

"Ya nini?"

Kipenga akaonyesha mti kwa kidevu.

Binti alicheka, kisha akainama ghafla kufunga kamba za buti ambazo hazikuwa zimefunguka.

Walitandika shuka chini ya mti, kila mmoja kona zake. Mama Miche alikuwa amelikimbiza shuka hili kutoka kwenye vumbi, mwaka baada ya mwaka, kutoka pembe hii ya ua hadi ile, akilaani. Na sasa walikuwa wakilitandika makusudi mahali palepale. Kipenga aliweka viganja kwenye shina. Akautikisa kidogo, kama unavyomwamsha mtu unayempenda. Vumbi likashuka.

"Jirani!" Kichwa cha mrina asali kilikuwa kimechomoza juu ya mabanzi. "Unaanika mti?"

"Ingia," Kipenga akasema. "Tunakuhitaji."

Mrina alitazama waya uliovunjika. Alichukua muda kuzunguka hadi mlangoni, na alipoingia aliingia akiwa amevua kofia.

Alipoelezwa, alipanda Mgumba kesho yake asubuhi, kabla jua halijakausha umande. Alikwea na kamba yake ya kurinia, mfukoni kichupa chenye chavua, na nyuma ya sikio unyoya wa kuku. Huko juu alipotelea kwenye majani, ila sauti yake haikupotea.

"Nimekwea miti tangu utoto kutafuta asali," alipiga kelele, "leo ndiyo mara ya kwanza napanda kuwa mshenga!"

"Paka taratibu!" binti akamjibu. "Kila ua, katikati kabisa!"

"Bi harusi mwenyewe mrefu hivi! Na bwana harusi nimemtia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi! Haki, ndoa nimeziona, lakini hii!"

Binti alikuwa akicheka na kuzunguka chini, akielekeza matawi. Kipenga hakuwa na kazi. Goti halikumruhusu kupanda. Alisogea kwenye shina, akainua kiganja, akaupiga ule mti taratibu, kama mtu anavyompiga mwenzake begani.

Kisha wakangoja, na kungoja kuna sura mbaya. Maua yalianguka. Yaliyopakwa na yasiyopakwa, yakaanguka pamoja. Mvua ikanyesha kwa hasira siku kadhaa na kuangusha mengine. Binti aliitwa mjini, bustani haikuweza kumlipia chumba zaidi; aliondoka kwa lori la majani makavu, na alipofika tu akapiga simu.

"Mzee, vipi?"

"Bado tunangoja."

"Umekula?"

Kipenga alishangaa. Hakuna aliyemwuliza swali hilo tangu lini? "Tumekula," akasema. Baada ya simu kukatika alikaa nayo mkononi, akiisikiliza nyumba. Bati lilikuwa likikakamaa kwa baridi. Ng'ambo ya mabanzi mrina alikuwa akikohoa. Hakuna zaidi.

Asubuhi ya misumeno, ukungu ulikuwa umelala juu ya chai. Vijana wa kikosi walisimama ukingoni mwa Kipande cha Juu, misumeno chini, wakinyoosha viungo. Meneja alifika kwa pikipiki, na darubini shingoni. Alikuwa mtu wa haraka lakini hakuwa mtu wa kuvunja neno. Alitaka kuangalia kabla.

Aliangalia. Akazungusha darubini huku na huku.

"Sioni kitu, Kipenga."

"Mrina apande, bosi."

"Apande. Akishuka mikono mitupu, unapuliza."

Mrina alikwea. Safari hii hakupiga utani. Majani yalitikisika, yakatulia, yakatikisika juu zaidi. Kipenga alikuwa amekiweka kipenga mdomoni, kama siku ile ya Ng'ambo, na chuma chake kilikuwa baridi kwenye meno. Alijua atapuliza. Hicho ndicho kilichomtisha: miaka yote hajawahi kukataa.

"Kipenga!"

"Tupo!"

"Kuna vitu huku! Sijui ni matunda au ni majipu!"

"Usivichume!" Sauti ya Kipenga ilitoka kubwa hadi vijana wakageuka. "Usiviguse! Viko wapi?"

"Tawi la upande wa kiwanda! Kijani, kama ncha ya kidole gumba! Kimoja, kingine hapa... na hapa pia, wewe!"

Meneja alihama upande, akainua tena darubini, akakaa nayo muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Vidogo mno," akasema.

"Hata wewe ulizaliwa mdogo, bosi," Kipenga akasema. Vijana wakashika midomo.

Meneja alishusha darubini. Akaangalia kipande, akaangalia moshi wa kiwanda kule chini, akapiga hesabu yake ya kuni, na ilionekana kumuuma. "Nilisema tunda," akasema mwishowe, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe. "Tutapanda mikaratusi kule kwenye mawe. Itaota vibaya." Akawasha pikipiki.

Vijana walibaki wakimtazama nyapara wao, kwa maana bila kipenga hawakujua waende wapi. Kipenga akapuliza. Alipuliza ule mlio mrefu wa kurudi nyumbani, asubuhi ile ile, na katika shamba zima wachumaji waliinua vichwa kutoka kwenye chai, wakauliza nini kimetokea.

Binti alirudi matunda yalipokuwa meusi. Hayakuwa mengi. Alikaa chini ya mti kuanzia asubuhi, akisubiri ndege wakubwa wa zamani waje kuyachukua na kuyasambaza. Hawakuja. Kutoka kipande kimoja hadi kingine palikuwa mbali mno, na labda hakukuwa na waliobaki wa kuja. Mwishowe mrina alipanda akayashusha yaliyoiva, na yaliyobaki waliyaachia mti.

"Siwezi kukudanganya, mzee," binti akasema walipokuwa wakishuka. "Jike moja na dume moja si msitu. Zitaota mbegu kadhaa, zitakuwa ndugu wote. Tutahitaji kutafuta wengine, milima mingine. Kipande kitaendelea kukauka pembeni mpaka tukipandie miti ya kukikinga." Kisha akasema kwa imani ya mtu ambaye bado hajachoka, "Lakini jana hatukuwa na mbegu. Leo tunazo."

Alizichukua kwenda nazo bustanini. Moja akaiweka kwenye kiganja cha Kipenga, akakifunga kwa mikono yake yote miwili. Lori likamchukua. Kipenga alilitazama likikunja kona ya mwisho, na mkono aliokuwa ameupunga ukabaki hewani bila kazi.

Jioni alitafuta nyuma ya jiko, mahali mkewe alipokuwa akiweka vitu vyake vya kitaluni, akapata kiriba kimoja ambacho hakikuwa kimechanika. Akakijaza udongo kama alivyowahi kumwona akifanya, akiugonga chini ujipange. Akachomeka mbegu. Akakiweka kivulini, chini ya mti, mbali na kamba.

Mrina aliingia. Siku hizi aliingia. Mlango ulikuwa hauna waya. Akachuchumaa kando ya kiriba.

"Ndiyo yenyewe hiyo?"

"Ndiyo."

"Utajuaje kama ni dume au jike?"

"Mpaka uchanue."

Mrina alipiga mluzi. "Mchelewa! Mimi na wewe tutakuwa tumeshaoza."

"Pengine."

Wakakaa. Juu yao mti ulikuwa umemaliza maua, majani yake yanang'aa. Kwenye kamba lilining'inia shuka moja jeupe, lenye njano mpya ambayo Kipenga hakuwa na nia ya kuifua.

"Na ukija kuwa dume?" mrina akauliza.

"Tutauacha."

Mrina alimtazama jirani yake. Kuna utani aliokuwa nao tayari, wa siku zote, wa wewe na nani. Aliumeza.

"Haya," akasema. "Tuuache."